Mkate wa Sufuria ya Mjapani

Pale Mogogosiek, kando ya barabara inayopanda kwenda kiwanda cha chai, kulikuwa na benchi ya mbao imeegemezwa kwenye ukuta wa duka la mahindi, na mwaka wa tisini na sita benchi hiyo ilikuwa na wenyewe. Rebeccah aliuza kahawa hapo kwa birika kubwa jeusi. Wageni walimuuliza kila mara kwa nini auze kahawa katikati ya mashamba ya chai, naye akawajibu kwamba chai kila mtu anayo kwake. Mimi nilikuwa na cherehani yangu hatua mbili kutoka kwa birika, wakaniita Sindano. Kipruto, dereva wa lori la majani mabichi, tulimwita Redio, maana alipita vijiji vinane kabla ya saa nne na kurudi na habari za vyote. Weldon, fundi wa chochote chenye waya, alikuwa Fyuzi. Na pale mwisho wa benchi alikaa Mzee Ogari. Yeye hatukumpa jina la utani. Alitoka Kisii akiwa kijana, akapika miaka ishirini na nane katika nyumba ya meneja wa shamba moja la chai, mameneja watano wakija na kuondoka wakamwacha jikoni. Tangu astaafu aliishi kwa bintiye Nyambeki, karani wa kiwanda, na mchana kutwa alikaa nasi, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa.

Jumatano hiyo Redio alisimamisha lori katikati ya matope, akashuka akicheka peke yake.

Redio: Watu wangu, mmesikia? Nyambeki anaoka mkate!

Rebeccah: Na nini? Nyumba za kiwanda hazina oveni.

Redio: Na sufuria ya wali. Ile ya stima. Ile aliachiwa na mwalimu Mjapani.

Hiyo sufuria tuliijua. Mjapani mmoja wa kujitolea alikuwa amefundisha hesabu sekondari miaka miwili, akiishi mlango wa pili kutoka kwa Nyambeki. Alipokwenda kwao mwezi wa nane, alimwachia sufuria nyeupe yenye mfuniko wa kioo na swichi moja mbele. Unatia mchele na maji, unabonyeza, unaenda zako. Wali ukiiva inajizima yenyewe, tak! Tulipoisikia habari hiyo mara ya kwanza tuliizungumzia wiki nzima. Sasa ilikuwa imerudi upya, na sote tukamgeukia Mzee Ogari.

Ogari: Msiniangalie. Mimi nimetoka nyumbani asubuhi.

Redio: Kwani hakukuuliza? Mpishi mzima yuko ndani ya nyumba!

Ogari: Aliniuliza. Nikamwambia apike wali. Mkate inataka oveni.

Rebeccah: Lazima?

Ogari: Mama, oveni inashika mkate pande zote. Juu, chini, kushoto, kulia. Sufuria inashika chini peke yake. Hiyo si kuoka. Hiyo ni kuchemsha unga.

Alisema hivyo akirudisha mikono yake magotini, kesi imekwisha. Lakini hakuna kesi iliyowahi kwisha mapema kwenye benchi ile.

Fyuzi: Mzee, ngoja. Stima si moto wa kuni. Moto wa kuni unapiga kitu kutoka nje. Stima inaingia ndani. Ni kama homa. Mtu akiwa na homa, si anakuwa moto mpaka kwa mifupa na hakuna mtu amemwasha?

Redio: Kwa hivyo mkate utakuwa na homa.

Fyuzi: Utaivia ndani kwanza, alafu ije nje.

Redio: Hapana, hapana. Nyinyi hamjui mbona mkate unavimba. Mkate unakimbia moto. Moto uko chini, mkate unakimbilia juu. Ndio maana unapanda!

Rebeccah: Na ugali mbona haikimbii?

Redio: Ugali umezoea.

Mimi nilikuwa nashona mfuko wa suruali, nikasema kwamba nilichotaka kujua ni kitu kimoja tu: sufuria hiyo inajuaje kwamba chakula kimeiva? Haina macho. Haionji. Mke wangu mwenyewe hufunua mfuniko mara tano.

Fyuzi: Hilo swali ni la maana. Nilimwambia Nyambeki anipe niifungue. Akakataa.

Rebeccah: Angekupa asingeipata tena.

Fyuzi: Ile transfoma yake si niliiangalia? Sufuria ya kwao inataka stima kidogo, ya kwetu ni kali. Bila ile transfoma ingelipuka siku ya kwanza. Nzito kama tofali. Inanguruma kama ng'ombe ameshiba.

Redio: Basi ni hivi. Hiyo sufuria imesomeshwa. Imesomeshwa mchele. Kwao wanakula mchele asubuhi, mchana na jioni. Haijui kitu kingine.

Rebeccah: Enhe! Sasa ukiiwekea unga na mayai inafungua macho, inaona hii si mchele, inashtuka. Inazima. Tak!

Tulicheka mpaka mwenye duka la mahindi akatoka kuona kuna nini. Mzee Ogari hakucheka. Lakini nilimwona ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

Haikupita nusu saa, Nyambeki akaja akishuka mteremko na sahani iliyofunikwa kitambaa. Alikuwa likizo wiki hiyo. Ni mama wa makamo, mpole, mwenye kutembea upesi, na siku hiyo alitembea upesi zaidi.

Nyambeki: Habari zenu. Nimeleta kitu, lakini msinicheke.

Redio: Hatuwezi kukucheka, dada.

Akafunua. Mkate ulikuwa duara kama sufuria yenyewe. Chini ulikuwa umekauka, rangi ya kahawa ya Rebeccah. Juu ulikuwa mweupe kama uso wa mtu aliyeruhusiwa jana hospitalini. Rebeccah akaleta kisu. Kilipofika katikati kiligoma, kikatoka na unga umekishika.

Fyuzi: Chini ni mkate. Juu ni gundi.

Nyambeki akacheka pamoja nasi, lakini macho yake hayakuwa kwetu. Yalikuwa kwa baba yake, tata, kama alivyomwita Kikisii.

Mzee Ogari alinyoosha mkono, akachukua kipande. Hakukila. Alikibonyeza kwa kidole gumba, akangoja kuona kama kitarudi. Hakikurudi. Akakipeleka puani. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ile tuliyoizoea pale benchini.

Ogari: Maziwa ilikuwa moto aje?

Nyambeki: Moto tu, tata.

Ogari: Uliweka kidole?

Nyambeki: Iliniunguza kidogo.

Ogari: Basi ulichoma hamira. Hamira ni kitu hai. Wewe ukimwagiwa maji hiyo utaumuka?

Nyambeki: Sikujua.

Ogari: Ukakanda mpaka lini?

Nyambeki: Mpaka nikachoka.

Ogari: Ulichoka mapema. Donge ikikandwa vizuri, unaivuta inakuwa nyembamba kama karatasi na haikatiki. Ukaiacha iumuke wapi?

Nyambeki: Juu ya meza.

Ogari: Meza! Na baridi hii ya kwetu! Kule kwa meneja mimi nilikuwa nafunga beseni na blanketi, naweka karibu na tangi ya maji moto. Asubuhi imejaa mpaka inasukuma kitambaa.

Alikirudisha kile kipande kwenye sahani. Kisha akauliza, polepole, kama mtu asiyetaka kuonekana anauliza:

Ogari: Na hiyo sufuria, ilifanya nini?

Nyambeki: Nikabonyeza. Dakika kumi hivi ikasema tak, ikazima. Nikabonyeza tena, ikakataa. Nikangoja ipoe, ikakubali. Alafu ikazima tena.

Rebeccah: Si nilisema? Ilishtuka!

Fyuzi: Haikushtuka. Mchele ukiwa na maji, chini haiwezi kupita moto wa maji kuchemka. Maji ikiisha, chini inapanda ghafla, sufuria inasikia, inazima. Sasa mkate haina maji ya kuchezacheza. Inasikia kukauka mapema.

Redio: Inasikia na nini?

Fyuzi: Si nimewaambia nipewe niifungue?

Ogari: Wacha hiyo. Moto ni ya chini peke yake?

Fyuzi: Chini peke yake, mzee. Juu ni mfuniko na mvuke.

Mzee aliitazama sahani. Akaushika ule mkate kwa mikono miwili, akaugeuza, upande wa kahawa ukawa juu na ule mweupe ukawa chini. Sasa ulifanana na mkate.

Ogari: Mbona hukuigeuza?

Nyambeki: Kwani mkate hugeuzwa?

Ogari: Sijui. Mimi sijawahi geuza mkate.

Na hapo nilimwona anafanya jambo ambalo sikuwa nimemwona akifanya tangu nimjue. Alisimama kutoka benchini kabla ya saa kumi na moja, saa yake ya kwenda nyumbani.

Ogari: Stima iko?

Nyambeki: Iko.

Ogari: Twende. Pita dukani uchukue limau.

Wakapanda mteremko, yeye mbele, bintiye nyuma na sahani. Sisi tukabaki na birika na swali kubwa kuliko lile tuliloanza nalo.

Redio: Akiugeuza ndio amemaliza. Mkate ukigeuzwa utasahau upande wa juu ni upi. Utaanza kuvimba kuelekea chini.

Fyuzi: Utasukuma sufuria.

Redio: Utainua sufuria! Mtaona. Kesho mtaambiwa sufuria imepatikana darini.

Rebeccah: Mimi nasema mzee atarudi kesho hapa, atakaa, atasema ni lazima oveni. Mtu amefanya kazi na kitu miaka yote hiyo, hawezi kuiacha.

Hakurudi kesho yake asubuhi. Saa tatu mahali pake palikuwa wazi. Saa tano bado. Ilikuwa ajabu jinsi benchi ilivyoonekana ndefu. Redio alipopita kutoka mzunguko wake wa kwanza, hakutaka hata kahawa, alitaka kusimulia.

Redio: Nimepita pale kwao. Nikasimamisha lori nje niwasalimie. Mzee ametoka mbio, ana aproni, ananipungia mikono. Nikadhani nyumba inaungua. Ati nizime injini! Ati lori linatikisa donge!

Fyuzi: Ukazima?

Redio: Nikazima! Nikasukumwa na watu wawili mpaka kwenye mteremko ndio niwashe tena. Nyambeki ananiambia ule wa jana jioni ulianguka katikati kama paa bovu. Wa leo asubuhi ukaiva lakini ukawa na shimo. Huu ni wa tatu. Anaandika kila kitu kwa daftari, dakika kwa dakika.

Rebeccah: Huyo ni Ogari wetu?

Redio: Huyo si wetu tena.

Mvua ilianza saa nane, kama kawaida ya mwezi huo. Watu wa barabarani wakakimbilia chini ya mabati ya duka, na kati yao alikuwemo Jentrix, muuguzi mpya wa zahanati. Alikuwa ametoka upande wa Homa Bay wiki hiyo hiyo, hajajua mtu. Rebeccah akamsogezea nafasi na kikombe. Redio, ambaye alikuwa amekwama nasi kwa sababu ya utelezi, akamsimulia habari yote tangu mwanzo, na kwenye simulizi lake sufuria ilikuwa tayari na ukubwa wa pipa.

Ndipo tukawaona wanashuka kwenye mvua, Mzee Ogari na Nyambeki, wote wawili chini ya karatasi moja ya nailoni. Mzee alikumbatia kitu kifuani kimefungwa taulo. Aliingia chini ya mabati, hakutusalimia, akakiweka katikati ya benchi na kufungua taulo pembe moja baada ya nyingine.

Harufu ndiyo iliyosema kwanza: maziwa, sukari, ganda la limau. Mkate ulikuwa mrefu, duara, umesimama, rangi ya asali iliyokolea juu na chini, na katikati ulikuwa na mshipi mweupe mwembamba uliozunguka mbavu zake. Mzee akaubonyeza kwa kidole gumba. Ukarudi.

Ogari: Kata, Rebeccah. Usikandamize. Acha kisu kitembee.

Ndani ulikuwa laini, wa manjano hafifu, nyuzinyuzi, unatoa mvuke. Nilikula kipande changu nimesimama. Sijui nisemeje. Nilikuwa nimekula mikate ya duka maisha yangu yote na nilidhani najua neno mkate maana yake ni nini.

Redio: Hii ni ya oveni. Mmeenda kuomba oveni kwa padri.

Ogari: Padri gani! Sikiza. Hiyo sufuria ukiichomeka kwa stima bila kubonyeza, inawaka taa ya pili, ya joto kidogo, ya kuweka wali usipoe. Hiyo taa ndio tangi yangu ya maji moto! Unaiwasha, unasema Baba Yetu mara mbili, unazima. Ukiacha zaidi hamira inakufa. Unaweka donge ndani, unafunika, unaiacha saa nzima. Inaumuka pale pale itakapoivia, huihamishi, haianguki.

Fyuzi: Na kuzima?

Ogari: Niliacha kushindana nayo. Ikisema tak, naacha robo saa. Joto iko bado, inafanya kazi. Alafu nabonyeza tena. Mara tatu. Alafu nafunika na sahani, nageuza, narudisha upande mweupe chini, nabonyeza mara ya mwisho. Na kitambaa chini ya mfuniko, kwa sababu mvuke ilikuwa inadondokea mkate, ndio ile gundi yenu.

Alizungumza kwa mikono. Ile mikono ambayo tuliijua ikiwa juu ya magoti sasa ilikuwa inakanda hewa, inafunika, inageuza. Unga ulikuwa umemkauka mpaka kwenye viwiko.

Ogari: Miaka ishirini na nane nilikuwa nasema oveni, oveni. Kumbe oveni ni joto tu na kungoja. Memsahibu wa tatu alikuwa ananipa wageni ishirini Jumapili, na huu mkate ndio walikuwa wanamaliza kwanza. Watoto wake wakienda shule Uingereza walikuwa wanabeba kwa sanduku. Mmoja aliniandikia barua kutoka huko, ananiulizia mkate!

Fyuzi: Mzee, ulikuwa unaficha kipaji hapa kwa benchi.

Rebeccah: Kata ingine hapo, mmoja mmoja, msipigane.

Jentrix alikuwa amemaliza kipande chake. Alifuta vidole kwa leso, akamgeukia mzee kwa heshima, uso wake umejaa furaha ya mtu aliyekaribishwa vizuri mahali pageni.

Jentrix: Mzee, nimeshukuru sana. Sijawahi kula kitu kama hii. Na watoto wako je, wao walikuwa wanapenda gani zaidi, hii ya limau ama ulikuwa unawapikia ingine?

Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Ningeweza kuliuliza mimi. Mvua ilikuwa inapiga mabati na sote tukangoja jibu, kwa sababu tulidhani litakuwa tamu kama mengine.

Mzee Ogari alitazama mkate, kisha taulo, kisha barabara.

Ogari: Unga ulikuwa wa meneja.

Jentrix: Ndio, lakini siku za likizo, nyumbani...

Ogari: Nyumbani hakukuwa na oveni.

Nyambeki alikuwa amesimama nyuma yake, bado ameshika ile nailoni inayochuruzika maji. Alizungumza kwa wepesi, kama mtu anayemtoa mwenzake kwenye matope.

Nyambeki: Sisi tulikuwa na koti. Tata akija likizo mwezi wa kumi na mbili, mama anatundika koti lake nyuma ya mlango. Lilikuwa na harufu hii. Tulikuwa tunaenda mmoja mmoja kunusa. Ndugu yangu mdogo alikuwa analala chini yake.

Mzee aligeuka akamtazama.

Ogari: Sikujua hiyo.

Nyambeki: Ungejuaje? Ulikuwa umechoka, unalala.

Ogari: Wewe umekula?

Nyambeki: Bado. Nilikuwa nangoja watu waonje.

Tukaangalia taulo. Kulikuwa na makombo na kipande kimoja, na hicho Redio alikuwa amekishika kabla hatujafikia hapo. Alikirudisha polepole. Kilikuwa kimeng'atwa pembeni.

Ogari: Hapana, kula, Kipruto. Huo ni wako.

Alianza kukunja taulo, pembe kwa pembe, akikung'uta makombo kwenye matope.

Ogari: Unga umebaki?

Nyambeki: Kilo moja na kitu. Limau pia.

Ogari: Mayai?

Nyambeki: Mawili.

Ogari: Inatosha. Twende.

Nyambeki: Tata, mvua ipungue kwanza.

Ogari: Twende. Saa hii stima iko.

Akamfunika yeye kwa nailoni, mwenyewe akabaki nje mabega yakilowa, na wakapanda mteremko. Safari hii hakutangulia. Walitembea sambamba, naye alikuwa anamwonyesha kitu kwa mikono, na bintiye akiitikia kwa kichwa.

Redio alikuwa bado na kipande chake mkononi. Hakukila wala hakukiweka. Fyuzi alikuwa anatazama ndani ya kikombe. Jentrix alitutazama sote, mmoja baada ya mwingine, uso umembadilika.

Jentrix: Jamani, kwani nimesema vibaya?

Rebeccah alimshika bega, akampokea kikombe, na sote tukaendelea kutazama ule mteremko mpaka mvua ikawafunika wale wawili.